Mlei mwenye mke na watoto kufuata Mtakatifu Benedikto: mimi nilianza vibaya

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama mwenye ndoa anaweza kuishi maisha ya kiroho ya Kibenedikto, yaani kwa mwongozo ambao Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa, au atakuwa anawaigiza watawa tu. Mimi ni fundi seremala, naishi Songea. Nilianza kwa kuigiza kabisa.

Nilikwenda mafungo ya siku tatu Peramiho, kwenye ile abasia (monasteri kubwa) ya Wabenedikto iliyoanza kama misheni 1898, nikarudi nimewaka moto. Saa kumi alfajiri niko macho na kitabu cha masifu (sala za zaburi za kila kipindi cha siku), na vipindi vyote vya mchana sikosi. Wiki ya pili mke wangu akanivaa: "Baba Neema, wenzako kule wana mpishi. Hapa uji unaungua wewe unaimba zaburi."

Nikampelekea mmonaki (mtawa wa kiume) mmoja mzee wa kule mashtaka hayo nikijua atanitetea. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nibaki na masifu ya asubuhi na sala ya kumaliza siku, halafu nikasome sura ya 31 ya Kanuni, ndiyo ule mwongozo wa Benedikto. Sura hiyo inamhusu mtunza ghala: vyombo vyote vya monasteri avione kama vyombo vitakatifu vya altare.

Hapo ndipo niliponaswa. Karakana yangu patasi zilikuwa zinalala kwenye maranda, randa ina kutu, na msumeno wa kuazima nilikuwa nao mwaka mzima. Nilianza kwa kuurudisha huo msumeno. Siku hizi jioni tunafuta kila kifaa na vijana wangu kabla ya kufunga. Wao wanadhani ni ukali wa bosi, na sijawaambia vingine.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, ulizia habari za waoblati, yaani walei wanaojiunga na monasteri huku wakiendelea kuishi nyumbani kwao. Unajaribiwa angalau mwaka mmoja, kisha unatoa ahadi inayokufunga na monasteri ile moja. Si nadhiri, na ndoa yako haiguswi. Mmonaki ndiye anaweka nadhiri: kudumu katika jumuiya yake, kuongoka mwenendo, na utii. Wengi hushangaa hiyo ya kwanza. Mimi naiona ngumu kuliko zote, maana watu wanaokukera leo ndio utakaozikwa nao.

Ile sala ya kumaliza siku usiiogope. Benedikto aliipangia zaburi zilezile kila siku, ya 4, ya 91 na ya 134, kwa hiyo hata umeme ukikatika unaendelea kwa kichwa. Mama Neema naye anazijua sasa. Kwenye 91 huwa tuko pamoja. 134 mara nyingi namalizia peke yangu, yeye keshaanza kukoroma.