Hyrox ya kwanza nimemaliza kwa saa 1 na dakika 41, niongeze vyuma au mbio?

Hongera sana mkuu, kumaliza Hyrox mara ya kwanza si mchezo, maana ni mbio za kilomita 8 na kila kilomita moja inafuatwa na kituo cha zoezi la nguvu. Nimepitia matokeo uliyoweka na kwa kweli mimi vyuma nisingegusa kwa sasa. Cheki hapa, kilomita ya 1 umekimbia 4:40, ya 5 ukitoka kwenye burpee za kuruka mbele (unalala chini, unainuka, unaruka) ni 6:30, ya 8 imefika 7:10, yaani dakika mbili na nusu zimepotea kwenye kilomita moja, wakati sleji (kile chuma chenye uzito cha kusukuma sakafuni) umesukuma mita zote 50 kwa dakika 3 tu. Nguvu unayo, ila unaanza kwa pupa halafu miguu ikichoka hujaizoesha kukimbia.

Mara moja kwa wiki piga kilomita 1 kwa 5:40, ukimaliza tu beba mfuko wa mchanga utembee kwa hatua ndefu ukishusha goti (lunges) mita 20, rudia mara 5 bila kukaa. Jumapili kimbia saa nzima taratibu, mwendo ambao unaweza kupiga stori. Na kule kurusha mpira ukutani mara 100 kugawe ishirini ishirini tangu mwanzo, usisubiri mikono igome.

Roxzone, yaani eneo la kupita kati ya mbio na vituo, dakika 9 ni nyingi mno kaka, hapo ulikuwa unatembea, jog tu hata polepole.