Baada ya Richey Edwards, gitaa alipiga nani?

Mkuu, umeuliza nani alishika gitaa la Manic Street Preachers, bendi ya roki ya Wales, baada ya Richey kupotea. Ni yule yule wa tangu mwanzo: James Dean Bradfield. Richey alikuwa mtunzi wa mashairi na sura ya bendi. Gitaa alilivaa jukwaani, ila kwenye rekodi karibu kila unachosikia ni mkono wa Bradfield, na kuimba anaimba yeye pia.

Tarehe 1 Februari 1995 wawili hao walitakiwa kuruka kwenda Marekani. Richey akatoka hotelini London, hajaonekana hadi leo. Waliobaki, akiwemo Sean Moore mpiga ngoma, binamu yake Bradfield, hawakuingiza mwanachama mpya. 1996 wakaachia wimbo "A Design for Life", ukafika namba 2 Uingereza. Sikiliza pale mwanzo: nyuzi zinadonolewa moja moja, taratibu, kisha vayolini zinajaa na sauti inapasuka.

Bradfield ana albamu mbili za peke yake. Anza na Even in Exile ya 2020, inamhusu Víctor Jara, mwanamuziki wa Chile. Mimi naipenda kuliko ile ya 2006, wabishi karibuni.