Vanadi katika chuma cha manganizi: jibu kwa fundi wa Kariobangi

Ndugu fundi, umeeleza kwamba taya za kupondea mawe unazosubu huko Kariobangi, zenye manganizi asilimia 13 na kaboni asilimia 1.2, hubonyea na kutanuka pembeni kabla uso wake haujakomaa, nawe unauliza kama vanadi kidogo, metali ya kuimarisha chuma, itasaidia. Itasaidia, ila kwa masharti.

Chuma hiki, alichokivumbua Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, huwa kigumu kwa kugongwa. Kikiwa kipya ni laini. Vanadi huyeyuka ndani yake kikiwa na joto kali, kisha hujitenga kuwa chembe ndogo mno za kabidi (muungano wa metali na kaboni) zinazozuia matabaka ya atomu kuteleza. Titani, metali nyingine ya kuongezwa, siipendekezi hapa, kwa sababu kabidi zake huanza kujitenga chuma kingali kimiminika, zikawa kubwa mno kwa kazi hiyo.

Ninachohofia zaidi ni tanuri. Ukipasha tena taya kwa nyuzi 500 hadi 650 za Selsiasi ili kabidi za vanadi zitoke, kabidi za chuma na manganizi nazo hujipanga kwenye mipaka ya punje (fuwele ndogo zinazounda chuma), na taya itapasuka kazini. Kwa hiyo shusha kaboni hadi karibu asilimia 1, anza na vanadi asilimia 0.3, pasha hadi nyuzi 1,100, kisha tumbukiza majini bila kuchelewa. Kabla ya kuuza, king'arishe kipande cha majaribio, kipake asidi ya nitriki iliyozimuliwa kwa spiriti, ukitazame kwa hadubini: ukiona mistari minene mipakani mwa punje, yaani kabidi hizo, rudisha taya zote tanurini hadi nyuzi 1,100 na uzitumbukize tena majini.