Gari kuvuta upande mmoja ukikanyaga breki: anzia gurudumu la upande wa pili

Mkuu, umesema Toyota IST yako inavuta kulia ukishika breki, hasa ukiteremka kutoka Marangu kuja Himo, na alaimenti (kunyoosha magurudumu) umefanya mara mbili bila nafuu. Usilipie ya tatu. Gari likinyooka vizuri mguu ukiwa nje ya breki, likavuta pale tu unapokanyaga, tafuta shida kwenye breki zenyewe au kwenye bushi za chini, yaani raba za mikono inayoshika magurudumu.

Gari huvuta kuelekea gurudumu linaloshika zaidi. Likienda kulia, mara nyingi la kushoto ndilo halishiki. Mafundi wengi hufungua kulia, wanakuta pedi (vibao vinavyobana) na diski (sahani inayobanwa) safi, wanapiga msasa, wanafunga, na gari linarudi vilevile.

Kabla ya kushika spana, pima upepo wa tairi za mbele zikiwa baridi, ziwe sawa. Kisha tafuta barabara tupu, tambarare, mwendo wa 40 hivi. Kanyaga taratibu, achia, uone: mvuto unaisha ukiachia, au gari linabaki kama linazuiwa? (Barabara nyingi huinamia pembeni ili maji yatoke, kwa hiyo kusogea kidogo kushoto usikuhesabu.)

Mvuto ukiisha ukiachia, fungua kushoto. Linganisha pedi mbili za kalipa ya hapo, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Ya ndani imelika, ya nje bado nene: pini za kalipa zimekwama. Vumbi letu likishapita kwenye raba ya pini iliyopasuka, grisi inageuka udongo mkavu. Zitoe, safisha kwa brashi ya waya, paka grisi ya silikoni au ya breki, badilisha raba. Usipake grisi ya kawaida ya beringi. Inavimbisha raba na pini zinakwama upya. Kama pedi zote mbili ni nene kuliko za kulia, pistoni inayosukuma pedi haifanyi kazi: legeza nipo (skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa), irudishe pistoni kwa klampu. Ikigoma huku nipo iko wazi, ina kutu. Badilisha sili na pistoni, au kalipa nzima. Pedi iliyolowa grisi au mafuta ya breki usiioshe kwa petroli wala kuichoma. Tupa, weka mpya kulia na kushoto kwa pamoja, baada ya kuziba panapovuja.

Mvuto usipoisha ukiachia, hapo ndipo la kulia linahusika: limekamata. Rimu yake itakuwa na joto kuliko ya kushoto. Sogeza mkono karibu, usiguse. Hii inaendana sana na mteremko wako, na ina hila: pedi zikipata joto kupita kiasi hupoteza mshiko, gari lililokuwa linavuta kulia likaanza kuvuta kushoto.

Piga jeki, weka stendi, kanyaga breki, achia, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, legeza nipo. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, hospaipu (mpira unaoleta mafuta ya breki) imevimba ndani: presha inaingia, hairudi. Kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa, ndiyo maana watu wanabadilisha kalipa bure. Nunua hospaipu mbili, za pande zote. Lisipolegea, ni pistoni au pini. Na kalipa ukiifungua ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwenye hospaipu.

Breki zikiwa safi zote, angalia bushi ya nyuma ya kontroli am, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu. Ikichanika, ukikanyaga gurudumu linarudi nyuma na usukani unapigwa upande. Mtu aende mbele na nyuma kidogo huku akishika breki. Wewe simama pembeni, si mbele ya gari, utazame am ikicheza.

Ukimaliza toa upepo kwenye breki, jaza mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Pistoni ikiwa imerudishwa ndani, mkanyago wa kwanza hausimamishi kitu.