Maswali ya Wasomaji: Nyumba Moja, Maziwa ya Aina Ngapi?

SWALI: Mhariri wa safu ya afya, salamu. Kwa miaka mingi nyumbani kwetu tumetumia maziwa ya ng'ombe yenye mafuta yake yote. Hivi karibuni mume wangu alipimwa akaambiwa lehemu yake (kolesteroli) imepanda, nami kila ninywapo bilauri ya maziwa asubuhi tumbo hujaa gesi, hunguruma, na mara nyingine naharisha kabla ya adhuhuri. Dada yangu anashauri tuachane kabisa na maziwa ya ng'ombe, tuhamie ya mbuzi au ya lozi, sote pamoja na mtoto wetu wa miezi minane. Ni maziwa yapi yaliyo bora kwa afya? – Mama wa Watatu

JIBU: Dada, katika barua yako wamo watu watatu ambao hali zao hazifanani hata kidogo, na ushauri wa dada yako, ingawa umetolewa kwa nia njema, umewaandikia wote dawa moja. Tuwachukue mmoja mmoja.

Nianze nawe. Dalili ulizozieleza zinaelekea kwenye laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, ambayo mwili hauwezi kuifyonza mpaka ivunjwe na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachotengenezwa katika utumbo mwembamba. Kwa watu wazima walio wengi duniani kimeng'enya hiki hupungua baada ya utoto. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, ikivuta maji njiani, na huko bakteria huichachua na kutoa gesi. Ndiyo asili ya mngurumo na kuharisha. Hali hii ni kero kubwa, lakini haiuharibu utumbo.

Sasa utaona kwa nini maziwa ya mbuzi hayatakufaa. Ya ng'ombe yana takribani gramu 4.8 za laktosi katika kila mililita 100, na ya mbuzi yana karibu 4.4. Tofauti hiyo tumbo lako halitaitambua. Kinachosaidia zaidi ni kiasi na wakati, kwa kuwa wengi wenye hali kama yako hustahimili hadi gramu 12 kwa mara moja, ambazo ni sawa na bilauri moja, hasa yakinywewa pamoja na chakula. Wewe unayanywa asubuhi, pengine tumbo likiwa tupu. Jaribu nusu bilauri wakati wa mlo kabla hujabadili kitu kingine chochote. Mtindi nao huvumilika zaidi, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na walio hai huendelea kuivunja hata baada ya kumezwa. Iwapo haya yote hayatoshi, yapo maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa laktesi kiwandani. Utayaona matamu kuliko uliyoyazoea, lakini usidhani yameongezwa sukari: laktosi imegawanywa kuwa glukosi na galaktosi, ambazo ulimi huzihisi tamu zaidi.

Hapa lazima niweke onyo. Mzio wa maziwa ni jambo jingine kabisa, kwani huo ni mwili kupambana na protini iliyomo. Mwenye mzio huweza kutokwa na vipele, kuvimba midomo, kutapika au kubanwa na pumzi hata kwa kijiko kimoja tu. Maziwa yaliyoondolewa laktosi bado yana protini ile ile, na protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, hivyo yote mawili ni hatari kwake. Ukiwa na dalili za namna hiyo, au ukipungua uzito au kuona damu chooni, usijitibu kwa kubadilisha maziwa. Nenda ukaonane na daktari.

Kuhusu mumeo, bilauri ya mililita 250 ya maziwa yenye mafuta yote ina karibu gramu 8 za mafuta, ambazo zaidi ya nusu yake ni za aina ile inayoganda kwenye baridi na kupandisha lehemu mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayekula kalori 2,000. Maziwa yaliyoondolewa mafuta hubaki na chini ya nusu gramu ya mafuta katika bilauri, huku protini na kalsiamu zikibaki karibu vile vile. Kwa hiyo kubadilisha kunamfaa, ikiwa kweli anakunywa bilauri nzima. Kama ni matone machache ndani ya chai, kwa maoni yangu mnamsaka mshukiwa asiye na hatia. Chunguzeni kwanza mafuta ya kupikia na nyama.

Maziwa ya mimea yana nafasi yake, lakini jina moja linaficha vitu tofauti sana. Bilauri ya maziwa ya soya ina takribani gramu 7 za protini, inayokaribia ya ng'ombe. Ya lozi, yaliyopendekezwa na dada yako, mara nyingi huwa na gramu 1 tu, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji. Ya nazi huwa na mafuta yale yale mumeo anayotakiwa kuyapunguza. Geuza pakiti usome mistari mitatu: protini, sukari iliyoongezwa, na kalsiamu, ambayo bidhaa nzuri hufikisha miligramu 120 kwa mililita 100, sawa na ya ng'ombe. Kisha itikise vizuri kila mara kabla ya kumimina. Kalsiamu inayoongezwa kiwandani huzama na kujikusanya chini kama tope jeupe, na asiyetikisa huitupa pamoja na pakiti.

Mtoto wa miezi minane asihamishiwe kwenye lolote kati ya haya. Hadi atimize miezi 12, kinywaji chake kikuu kiwe maziwa ya mama au, yasipopatikana, maziwa ya kopo yaliyotengenezwa mahususi kwa watoto wachanga. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, na ya mbuzi yana upungufu mkubwa wa foliki, vitamini inayohitajika kutengeneza damu, hivyo yote huweza kumletea upungufu wa damu. Ya lozi hayawezi kumkuza. Kiasi kidogo cha maziwa ya ng'ombe ndani ya uji wake hakina tatizo. Akifikisha mwaka, mpe yenye mafuta yote hadi miaka miwili, hata kama baba yake ameacha.

SWALI: Nimeambiwa kwamba kuchemsha maziwa huua virutubishi na kwamba mabichi ndiyo yenye afya. Ni kweli? – Msomaji

JIBU: Si kweli. Moto hauiondoi kalsiamu wala protini. Vitamini kadhaa hupungua, hasa vitamini C, ambayo maziwa hayakuwa nayo nyingi tangu mwanzo. Maziwa mabichi huweza kubeba vimelea vya brusela, salmonela, listeria na kifua kikuu cha ng'ombe, na mjamzito akipata listeria anaweza kupoteza mimba. Viwandani hutosha kuyafikisha nyuzi 72 kwa sekunde 15. Nyumbani, ambako wengi hatuna kipimajoto, yaache mpaka yachemke.

SWALI: Nameza vidonge vya madini ya chuma kwa maziwa ili visinichome tumbo. Nasikia si vizuri. Nikibadili nitumie ya soya? – Mjamzito

JIBU: Hapana. Kalsiamu hupunguza kiasi cha madini ya chuma kinachofyonzwa, na maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu hufanya vivyo hivyo, mbali na kwamba soya yenyewe ina vitu vinavyoyazuia madini hayo. Meza vidonge kwa maji, au kwa maji ya machungwa, ambayo vitamini C yake husaidia ufyonzwaji, na unywe maziwa baada ya saa mbili hivi. Tumbo likizidi kuchoma, mweleze mkunga wako, kwani kipimo cha kidonge au aina yake inaweza kubadilishwa.