Anayetaka kuuza Kusini aanze na kalenda ya mnada

Swali la wiki lilikuwa hili: ukipewa umeneja masoko wa kampuni kubwa ya kimataifa ya vyakula na vinywaji, ungefanya nini ili bidhaa zake zitoke Mtwara na Lindi? Mimi nina duka la jumla Newala, kwa hiyo najibu nikiwa nyuma ya kaunta.

Ningeanza kwa kuiweka kando ratiba ya promosheni inayopangwa Nairobi au Dar es Salaam. Ratiba hiyo inaijua Krismasi, inaijua Idi, lakini mnada haiujui. Huku wanaopokea fedha kila mwisho wa mwezi ni watumishi, na ni wachache. Mkulima wa Tandahimba, Newala au Masasi anashika fedha kuanzia Oktoba, korosho zikianza kupigwa mnada, hadi Januari hivi. Ruangwa, Nachingwea na Kilwa kuna ufuta, unaouzwa katikati ya mwaka, halafu mbaazi. Kuipa "Kanda ya Kusini" lengo moja la mauzo ni kutoijua. Juni gari la bidhaa lielekee Lindi, Novemba lipande Newala.

Anayebisha akumbuke 2018. Wanunuzi walitoa bei ndogo, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakasubiri uhakiki. Krismasi ile bango gani lingeuza soda? Meneja anayefuatilia bei za mnada wa TANECU na MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vinavyouza korosho za huku, anajua mauzo yake ya mwezi ujao kabla ripoti haijamfikia mezani.

Vipimo navyo vifuate msimu. Mwezi wa tatu mvua ikiwa inanyesha, mama anataka kiungo cha mchuzi cha kupikia leo tu na maziwa ya unga ya paketi ndogo. Novemba mama huyohuyo anaulizia ndoo ya mafuta ya lita 20, na mumewe anaagiza kreti za soda kwa ajili ya jando, unyago au harusi (na wapo wanaooa mke wa pili msimu huo, hilo tuliache). Kinachotokea kila mwaka ni kinyume. Paketi ndogo zinaadimika kipindi cha ukata, na zawadi za chini ya kizibo zinatangazwa Februari, wakati hakuna wa kuvifungua hivyo vizibo.

Jambo kubwa zaidi, ambalo sijaona kampuni ikilisema hadharani, ni mkopo. Kati ya Februari na Septemba duka la kijijini linauza kwa daftari. Mwenye duka amelipa taslimu kwa wakala, kisha anawakopesha wateja miezi na miezi. Yaani soko la kampuni tajiri linabebwa na mtaji wa mtu mwenye chumba kimoja na rafu nne. Akizidiwa, anaanza kupokea korosho kwa bakuli badala ya fedha, bei ya kutupa, kabla hata hazijaiva vizuri. Hiyo ndiyo kangomba, na sheria inaikataza. Basi fedha inayopakwa kwenye kuta za maduka kwa rangi ya kampuni ningeitoa kama mali kauli, yaani bidhaa kwa mkopo: mwenye duka achukue mzigo mwezi wa tano, alipe kwa awamu minada ikianza. Masharti yawepo, na mkulima anayekopeshwa na mwenye duka awe mwanachama wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, anayelipwa kupitia benki. Malipo yakichelewa, kampuni inaweza kusubiri wiki kadhaa. Mwenye duka hawezi.

Usambazaji umeshafikiriwa na wengine. Mwaka 1999 Coca-Cola walianza Addis Ababa mfumo wa vituo vidogo vinavyoendeshwa na wenyeji, kreti zinapelekwa dukani kwa mkokoteni, chache chache lakini mara kwa mara, kwa kuwa maduka hayana mtaji wala nafasi. Tanzania nayo ikaupokea. Masasi mjini au Mtwara mjini unafaa. Ukishaingia barabara za mchanga na udongo za vijijini, "mara kwa mara" inakwama mvua zikianza Desemba. Huko mzigo ushushwe mwingi Novemba, ukae stoo ya kijijini, na bodaboda amalizie. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, aliyekuwa na stoo aliuza.

Friji za kampuni? Zinasaidia, ila lile sharti la kutoweka hata chupa ya maji ya kampuni nyingine ningelifuta, maana mteja akikosa maji ya baridi anahamia duka la jirani, na soda hainunui.

Mwisho ni mabibo, tunda linaloshika korosho. Kila msimu yanaoza chini ya mikorosho, machache yanaishia kwenye uraka, pombe ya kienyeji ya mabibo, huku tukinunua vinywaji vya ladha ya chungwa kutoka mbali. Brazili juisi ya mabibo inauzwa madukani kama kinywaji chochote. Ugumu upo: bibo likianguka halimalizi siku mbili, kwa hiyo mashine ya kukamulia lazima iwe Tandahimba au Newala, si Dar es Salaam. Ningewaomba wakubwa wangu bajeti ya mashine hiyo kabla ya kuomba ya matangazo. Mkulima akilipwa hata kidogo kwa ndoo ya mabibo, fedha hiyo anaipata Oktoba, kabla ya malipo ya mnada wa kwanza, na atapita nayo dukani kwangu.