Ndugu Yako Akiikataa Imani, Muulize Anaogopa Kupoteza Nini

Neno ni lile lile, mhubiri ni yule yule. Huyu anatubu huku analia, mwenzake anainuka na kwenda zake. Kwa nini? Katika miaka yangu ya kuzunguka na wainjilisti nyumba kwa nyumba, jibu ninalolisikia sana ni kwamba aliyekataa ana moyo mgumu. Silikubali. Jibu hilo hufunga mazungumzo mapema mno, na mara nyingi humwonea mtu.

Mjomba wangu hakubatizwa hadi uzeeni. Biblia aliijua, hata Zaburi kadhaa alizikariri. Kilichomzuia ni kwamba alikuwa na wake wawili, na aliambiwa amwache mmoja ndipo aingie darasa la ubatizo. "Nimwache yupi, na watoto wake nitawaambia nini?" Hakupata mtu wa kukaa naye na kulijibu swali hilo. Jirani yake, mama ambaye mahubiri hayakuwahi kumgusa, aliamini baada ya akina mama wa jumuiya kumfulia na kumpikia muda wote aliougua.

Historia yetu inaonyesha jambo hilo hilo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Johannes Rebmann akamfuata 1846, wakaanzisha misheni Rabai, karibu na Mombasa, kwa Wamijikenda. Rebmann alikaa huko hadi 1875, macho yakamwishia, na waliobatizwa walikuwa wachache sana. Katika ufalme wa Buganda, Uganda ya leo, wamisionari wa Kianglikana walifika 1877 na Wakatoliki 1879. Kati ya 1885 na 1887 waumini wa pale walikuwa tayari wanauawa kwa imani yao, wengi wakiwa vijana wa ikulu ya Kabaka (mfalme) Mwanga. Je, mioyo ya Rabai ilikuwa migumu kuliko ya Buganda? Sidhani. Mzee wa Kimijikenda akibatizwa aliyapa kisogo matambiko ya kaya (misitu mitakatifu ya mababu), na pamoja nayo nafasi yake kati ya wazee wenzake. Kijana wa ikulu alikwisha kutoka kwao, ana kiu ya kusoma, na waliosoma naye wakawa ndugu zake.

Hata hivyo, gharama peke yake haielezi yote, maana vijana wale walitoa uhai wao. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Naamini hivyo kwa moyo wote, na ndiyo maana simhesabii mtu siku za kuamini. Kule Athene Paulo mwenyewe alidhihakiwa na baadhi, wengine wakasema watamsikiliza tena siku nyingine, wachache wakaamini, akiwamo mwanamke aitwaye Damari. Hakuwafukuzia wale waliocheka.

Kwa hiyo, kama una mzazi, mume au kaka ambaye hataki kusikia habari za kanisa, punguza kumhubiria na umuulize kwa upole: ukiamini, utapoteza nini? Msikilize hadi mwisho bila kufungua Biblia. Akitaja kiongozi wa dini aliyemdhulumu, usimtetee kiongozi huyo. Akitaja ndoa yake, nenda naye kwa mchungaji au padri mwenye subira. Akisema ukoo utamtenga, basi hudhuria misiba na harusi za ukoo huo, kaeni mkeka mmoja, wakujue. Na akisema tu kwamba haamini, mheshimu, endelea kumwombea, na usiache kwenda kumjulia hali.